Mfuko wa Maji wa Mgongoni Ni Chombo cha Mdomo Mmoja

Hakuna maji ninayoyajua yanayotolewa jasho kama yale anayokunywa mpanda mlima usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, Kilimanjaro. Kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, haina kijito wala kisima. Anayepita njia ya Machame au Lemosho huyaacha maji ya mwisho kwenye bonde la Karanga. Kutoka hapo, kila tone la kupikia, la kunawa na la kunywa hupandishwa na wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, madumu yakiwa kichwani au begani, juu ya mawe yaliyolegea na katika hewa inayozidi kuwa nyepesi. Mpishi huyapokea, huyachemsha kwenye jiko la gesi ndani ya hema linalopigwa na upepo, huyaacha yapoe. Inapofika saa nne au saa tano usiku mgeni anaamshwa, anapewa chai na biskuti, na mfuko wake unajazwa lita mbili au tatu.

Halafu maji hayo yote yanapita kwenye mrija wenye ukungu mweusi.

Naandika makala haya kwa sababu nimeuona mrija wa namna hiyo mara nyingi mno, kwenye mabegi ya wageni na kwenye mabegi ya wenyeji, na kwa sababu watu ambao kazi yao ni mlima wamezoea kuutazama bila kushtuka. Tunahangaika na maji, tunasahau chombo. Na chombo hiki ni kigumu kukisafisha kuliko sufuria, kuliko chupa, kuliko dumu. Kwa maoni yangu hakifai kabisa kukodishwa, na kama kinatolewa zawadi kitolewe kwa namna tofauti na inavyofanyika sasa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuushika, huu ni mfuko wa plastiki laini, mara nyingi ya poliyurethani, unaolala ndani ya begi mgongoni. Chini yake hutoka mrija unaopita begani na kuishia kifuani, na mwisho wa mrija kuna kidomo cha silikoni: ukikiuma kinafunguka, ukikiachia kinajifunga. Faida yake ni kubwa na sibishani nayo. Mlimani mtu anashauriwa kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, na njia nzuri ya kuzifikisha ni kunywa kidogo kidogo huku unatembea, bila kusimama, bila kuvua begi, bila kuvua glavu. Tena chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kwa jirani zetu wa Kenya zilipigwa marufuku kwenye hifadhi zote kuanzia tarehe 5 Juni 2020. Marufuku hizo ni za haki kabisa. Aliyewahi kuona taka za plastiki zilivyokuwa zikisongamana kando ya njia hawezi kuzipinga. Lakini zimetuachia wajibu ambao hatujaubeba. Chupa ya kutupa ilikuja safi na kufungwa kiwandani. Chombo cha kutumia tena kinamtaka mtu wa kukiosha.

Mfuko huu ulizaliwa mbali na hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Michael Eidson, mhudumu wa dharura za kitabibu huko Texas, Marekani, alikuwa akijiandaa kwa Hotter'N Hell Hundred, mbio za baiskeli za mjini Wichita Falls: maili 100, yaani kilomita 160 hivi, katika joto la Agosti. Akachukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautia ndani ya soksi ndefu, soksi akaishonea mgongoni mwa fulana, mrija akaupitisha begani na kuushikiza kwa kibanio cha nguo. Kutoka kwenye soksi ile ikatokea CamelBak, na baada yake makampuni mengine mengi. Wakaupokea waendesha baiskeli, wanajeshi, wakimbiaji wa masafa na wapanda milima wa dunia nzima.

Katika kisa hicho kuna jambo ambalo ni nadra kulisikia likitajwa. Dripu ya hospitali haisuuzwi. Inatoka kiwandani bila kijidudu, inaingizwa kwa mgonjwa mmoja, inatupwa. Umbo lake tumelichukua, mfuko mwembamba na mrija mrefu, umbo ambalo halikukusudiwa hata siku moja kuoshwa na kutumika tena. Mkono hauingii vizuri, brashi ya kawaida haifiki pembeni, na mrija wenye urefu wa karibu mita moja una tundu lisilopitisha hata kidole cha mtoto. Sanaa ya kuutunza mfuko wa maji inaanzia kwenye ukweli huo.

Bakteria wanaoelea kwenye maji ni rahisi kuwaua. Wakishapata ukuta wa kushikilia, hubadilika. Hujigandisha hapo, hutoa ute, wenzao huja kujishika juu yao, na baada ya muda mfupi hujengeka utando. Ukipitisha kidole ndani ya mfuko ulioachwa na maji wiki nzima utausikia: unateleza kama jiwe la mtoni. Klorini haiupenyi vizuri utando huo. Inapigana na tabaka la juu na kuishia hapo. Ndiyo maana dawa ya kutibu maji, iwe ya matone au ya vidonge, inayotosha kabisa kwenye ndoo safi, hupungukiwa nguvu ndani ya mfuko mchafu. Inamalizwa na uchafu wa ukutani kabla ya kufanya kazi uliyoitia. Nao ukungu, ule wenye madoa meusi au ya kijani, unahitaji vitu vichache tu: unyevu, hewa kidogo na chakula kidogo. Mate yanatosha kuwa chakula. Utaukuta kwanza kwenye kidomo, kisha kwenye kiungo ambapo mrija unaingia mfukoni, kisha kwenye mshono wa pembeni.

Na mate yanaingia kuliko watu wanavyodhani. Usiku wa kilele baridi hushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, usiku mwingine hata karibu na 20. Maji yaliyobaki kwenye mrija yanaganda upesi, na mrija ukiganda mfuko mzima hauna kazi. Kwa hiyo waongozaji humfundisha mgeni jambo lililo sahihi: ukimaliza kunywa, puliza hewa kwa nguvu maji yarudi mfukoni, mrija ubaki mtupu. Nami nasema hivyo hivyo, pulizeni. Lakini fikirini kinachorudi pamoja na maji. Kila pulizo linapeleka mate ya mtu kwenye lita mbili za maji, kwa saa sita au saba za kupanda, na mfuko huo kesho yake unajazwa tena kwenye kambi ya Mweka bila hata kusuuzwa, kwa sababu kila mtu amechoka na anataka kushuka. Mtu mwenyewe atanywa mate yake mwenyewe, na huenda asipate neno. Balaa liko kwa mtu wa pili.

Nikubali lililo kweli: si kila utando unaleta ugonjwa. Wengi hunywa kwenye mifuko michafu na hawapati zaidi ya ladha ya udongo na harufu ya kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Ingekuwa ni mjini, ningesema kila mtu na tumbo lake. Mlimani mambo ni mengine, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, kwa maana ndipo hasira yangu ilipo.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, kizunguzungu, pengine kutapika. Tumbo lililochafuliwa huanza kwa kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, kutapika. Kwenye mita 4,600, gizani, na mgonjwa amejikunja ndani ya hema, mwongozaji mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuvitenganisha viwili hivi kwa yakini. Kanuni ya mlima inamwambia achukulie kuwa ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na kanuni hiyo imeokoa maisha, asiiache. Maana yake ni kwamba mtu aliyekusanya fedha miaka kadhaa aje kuuona Uhuru anateremshwa kwa sababu ya kidomo kilichokuwa na ukungu. Tena kinyume chake ni kibaya zaidi: kikundi ambacho watu wawili watatu wameharisha tangu kambi ya Shira kinaanza kuzoea kwamba kutapika ni mambo ya tumbo tu, na siku mmoja anapopatwa na mwinuko wa kweli, dalili zake zinadharauliwa. Kuharisha nako kunayatoa mwilini yale maji tuliyohangaika kuyaingiza. Aliyepungukiwa maji anaumwa kichwa, na kichwa kikiuma, mahesabu ya mwongozaji yanavurugika upya.

Wapishi wetu wanajitahidi. Kadiri mtu anavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Pale Barafu yanatokota kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100, na bado joto hilo linaua vijidudu vya tumbo iwapo maji yataachwa yatokote dakika tatu, kama inavyoshauriwa kwa mahali palipo juu ya mita 2,000. Mpishi anayejua kazi huziacha dakika hizo zipite hata kama gesi inakaribia kwisha. Kazi ya mtu huyo, na ya yule aliyebeba dumu kutoka Karanga, inaharibiwa na sentimita tano za silikoni.

Sasa nije mjini. Moshi ina maduka mengi ya kukodisha vifaa vya mlima: makoti mazito, mifuko ya kulalia, fimbo, viatu, taa za kichwani. Biashara hiyo ni nzuri na ya heshima. Imewezesha watu wasio na uwezo wa kununua koti la gharama kubwa waupande mlima wao, Watanzania wakiwemo. Koti la kukodi halinisumbui. Lakini baadhi ya maduka hukodisha na mifuko ya maji. Niliingia katika duka moja, nikaonyeshwa mfuko uliokuwa umekunjwa kwenye kreti, mrija bado una matone ndani. Nikamuuliza kijana wa dukani wanauosha kwa kutumia nini.

“Tunausuuza, mama. Maji ya bomba tu. Mgeni mwenyewe akifika hotelini anaweka maji yake.”

“Na mrija?”

“Mrija unapita maji humo humo.”

Alinijibu kwa adabu na kwa ukweli, wala simlaumu yeye, hakuna aliyemfundisha. Lakini ukiuangalia msimu wa biashara hii utaona kwa nini kusuuza hakutoshi. Wageni hujaa Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Katikati yake kuna masika, Machi mpaka Mei, Moshi inalowa, nguo hazikauki kwenye kamba, na vifaa vyote vinarudishwa stoo kungoja. Mfuko uliosuuzwa na kukunjwa mwezi wa tatu unakaa na unyevu wake ndani ya kreti kwa miezi mitatu, katika majira yenye unyevu kuliko yote ya mwaka. Ukitaka kuotesha ukungu kwa makusudi ungefanya vivyo hivyo.

Ndiyo maana nasema mfuko wa maji usikodishwe. Uhesabiwe kama mswaki. Mswaki nao unaweza kuchemshwa na kusafishwa hata daktari akaridhika, na bado hakuna duka litakalothubutu kuukodisha. Najua nitakachojibiwa: mgeni anautumia siku sita au saba tu, kununua ni ghali, na akiukosa kwetu ataufuata kwa jirani. Basi mkodishieni chupa ngumu yenye mdomo mpana. Mkono unaingia, brashi inafika chini, maji ya moto hayaiharibu, na mteja mwenyewe anaona kwa macho kama ni safi. Usiku wa kilele chupa hiyo ikiingizwa ndani ya soksi nene na kuwekwa kichwa chini miguu juu ndani ya begi, barafu huanza kujengeka upande wa kitako na mdomo unabaki wazi. Waongozaji wengi wa zamani huiamini chupa kuliko mfuko, na kwa usiku ule mmoja nakubaliana nao. Anayetaka mfuko aununue, aumiliki, autunze, na mdomo wake uwe ndio mdomo pekee unaoujua.

Tusijifanye kwamba usafi wa chombo cha maji ni somo lililoletwa na wazungu. Kibuyu cha maziwa cha Mmasai hakikai siku bila kutiwa kijinga cha moto cha mti uliochaguliwa, kikasuguliwa ndani, kikatoa harufu ya moshi. Mtungi wa pwani ulisuguliwa, ukageuzwa juani, ukafukizwa ubani kabla ya kujazwa. Hata dumu la njano la siku hizi, mama yeyote anajua kulitia mchanga na vijiwe na maji kidogo, akalitikisa mpaka ukijani wa ndani ukatoka. Ujuzi tunao, tatizo ni kwamba mfuko huu umetujia na sura ya kifaa cha michezo, ukawekwa kabatini pamoja na fimbo na glavu, ilhali mahali pake ni jikoni, pamoja na vikombe. Na njia ya dumu haifai kwake. Mchanga unachana plastiki laini, na kila mchubuko unakuwa nyumba mpya ya utando. Steelwire na brashi ngumu vivyo hivyo.

Kuuosha vizuri kunataka subira kuliko nguvu. Anza na maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, si yale yanayotokota, pamoja na matone ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato makali. Fungua kila kinachofunguka: kifuniko, mrija, kidomo. Kidomo kinachomoka kwa kuvutwa, na wengi wanaomiliki mfuko huu miaka hawajui hilo. Kichomoe, kigeuze ndani nje, kisugue kwa kidole. Ndani ya mfuko tumia kitambaa laini au brashi laini yenye mkono mrefu. Kwa mrija, kama huna brashi yake nyembamba, chukua uzi imara, fungia kipande kidogo cha kitambaa katikati, upitishe uzi, kisha vuta kitambaa chenye sabuni huku na huku. Ukiona kilichotoka ni cheusi utaelewa kwa nini nimeandika makala marefu hivi.

Baada ya kusugua ndipo dawa ifuate. Huu mpangilio ni muhimu na ndio unaokosewa: watu wanamimina dawa kwenye utando ambao haujasuguliwa, wananusa klorini, wanaridhika. Utando uondoke kwanza kwa mkono. Kisha jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, ijazwe mfukoni, na mfuko uinuliwe huku kidomo kimebanwa ili maji ya dawa yapite hadi mwisho wa mrija. Ikae nusu saa, imwagwe, kisha mfuko usuuzwe kwa maji safi ya kunywa mara kadhaa mpaka harufu iishe. Kwa harufu mbaya na ladha ya plastiki, bikaboneti ya kuokea, vijiko vikubwa viwili kwa lita, nayo kwa nusu saa, inafanya kazi nzuri. Ndimu au siki kidogo inaondoa ukoko mweupe wa chumvichumvi za maji.

Lakini hapa kuna hatari mbili ambazo sitaki mtu azikute kwa bahati mbaya. Ya kwanza, jiki isikutane kamwe na siki wala ndimu. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu. Chagua kimoja, suuza, ndipo siku nyingine utumie kingine. Ya pili ni ya kwetu hasa. Ukiagiza “magadi soda” sokoni unaweza kupewa vitu vitatu tofauti: bikaboneti ya kuokea, magadi ya kulainishia maharage, au kostiki ya kutengenezea sabuni. Kostiki inaunguza koo na haifai kuukaribia mfuko wa maji. Nunua ile ya kopo au pakiti ya dukani inayotumika kwenye keki, soma maandishi yake, basi.

Kisha kukausha, na hii ndiyo nusu ya kazi nzima. Mfuko uliooshwa vizuri na kukunjwa ukiwa mbichi umeoshwa bure. Uning'inize kichwa chini, kuta zake mbili zikiwa zimetenganishwa. Henga ya nguo iliyokunjwa kidogo au kijiko cha mbao kilichoingizwa mdomoni vinatosha. Mrija uning'inizwe peke yake wima, baada ya kuzungushwa hewani ili matone yatoke. Weka penye upepo na kivuli, kwa kuwa jua kali la siku nyingi huikausha poliyurethani ikapasuka. Wakati wa masika, ukiona haukauki, upo ujanja mzuri: uingize kwenye friza. Ukungu hauoti kwenye baridi ile. Mwenye nyumba isiyo na friza aukaushe kwa kuingiza kitambaa safi kikavu na kukibadilisha mpaka kitoke kikavu.

La kuongeza ni dogo lakini linapuuzwa: maji matupu peke yake ndiyo yaingie humo. Glukosi, juisi ya unga, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, vyote viwekwe kwenye chupa. Sukari ndani ya mrija ni karamu.

Na kila kitu kina mwisho wake. Doa jeusi linaweza kubaki kwenye mrija hata baada ya ukungu wenyewe kufa, na mwenye mfuko wake anayejua alivyouosha anaweza kuendelea nao. Lakini kidomo kilichochanika, mshono unaobaki na uteleze baada ya kusuguliwa, harufu isiyokubali kutoka: hapo ni kutupa. Mrija na kidomo huuzwa peke yake na watengenezaji wengi. Makampuni yanayomtumia mgeni orodha ya vifaa kabla hajapanda ndege yanaweza kuongeza mstari mmoja: njoo na kidomo kipya.

Lipo jambo la mwisho ambalo ni zito zaidi kwangu kuliko mgeni na fedha zake. Siku ya kushuka, pale geti la Mweka au Marangu, wageni huacha vifaa vyao kwa wapagazi. Ni desturi njema, na kijana aliyepanda na sweta moja anapopewa koti, nafurahi naye. Mfuko wa maji nao humo humo unatolewa, ukiwa na maji ya kilele bado ndani, mate ya wiki nzima, juisi ya unga iliyoganda kwenye kiungo. Mpagazi anaupokea kwa shukrani, anautumia safari ijayo, na mara nyingi maji anayoyatia yeye si yale yaliyochemshwa kwa ajili ya mgeni. Ni ya kijito, kwa sababu gesi ni ya wageni. Akiharisha huko juu hana wa kumteremsha na mshahara wake ukiendelea. Anashuka mwenyewe, na siku alizokosa ni zake. Mzigo wake, unaopimwa getini usizidi kilo 20, unapewa mwingine. Sheria ya kupima mizigo ililetwa kwa sababu watu walisema mgongo wa mpagazi una thamani. Tumbo lake nalo lina thamani.

Kwa hiyo naziomba kampuni za utalii zifanye mambo ambayo hayahitaji bajeti ya kuogopesha. Maji ya kunywa ya wapagazi yatibiwe kama ya wageni. Chupa moja ya dawa ya klorini inatibu maji ya kikundi kizima na bei yake haifiki bei ya chakula cha mchana cha mgeni mmoja. Vifaa vinavyoachwa vikusanywe, viletwe Moshi, vioshwe na kukaushwa kabla ya kugawiwa, na kila mfuko uende kwa mtu mmoja na kubaki kwake. KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo na kufuatilia wanavyotendewa safarini, una nafasi nzuri ya kulifundisha hili, na wapagazi wanausikiliza. Hifadhi nayo, inayohakikisha chupa za kutupa haziingii, inaweza kubandika getini, kwa Kiswahili, namna ya kuosha kile kilichochukua nafasi yake.

Wazazi nao wasidhani hii ni habari ya mlimani tu. Chupa ya shule yenye mrija na kifuniko cha kubonyeza, ile mtoto anayorudi nayo ikiwa na juisi nusu, ina mpira mdogo mweupe ndani ya kifuniko. Uchomoe leo kwa ncha ya kisu, uangalie chini yake.

Na nyinyi waongozaji, kaka zangu na dada zangu, mnaojua mlima kuliko yeyote anayeandika habari zake: jioni ile ya kabla ya safari, mnapokaa na wageni hotelini kukagua vifaa, mnashika koti mkaona unene wake, mnageuza viatu mkaona soli, mnawasha taa ya kichwani. Ongezeni mfuko wa maji. Ufungueni, ingizeni kidole ukutani, nuseni kidomo. Ukiteleza au ukinuka, mwambieni mgeni kwa heshima na bila kuona haya kwamba huo haupandi, mpeni chupa.